Grafu ya Wageni

Jumatatu, 5 Mei

Mvua tangu alfajiri. Muhula wa pili umeanza, na paa la Kidato cha Tatu linavuja palepale lilipovuja mwaka jana. Nimeamua kuandika ninapopata nafasi, na kuandika kwa Kiswahili, kwa sababu Kiingereza changu kimeharibika. Fizikia naifundisha kwa Kiingereza na ripoti naziandika kwa Kiingereza, na katika ripoti kila somo limefaulu na kila mwanafunzi ameelewa. Siku hizi nikiandika sentensi ya Kiingereza naisikia ikinuka.

Leo nimesahihisha mtihani wa kufungulia muhula. Swali la nne lilikuwa na grafu ya umbali na wakati: mstari unapanda, unalala, kisha unashuka. Eleza safari ya gari hili. Muchiri, ambaye si mjinga hata kidogo, ameandika, "Gari ilipanda mlima, ikapata tambarare, ikateremka." Zaidi ya nusu ya darasa wamepanda mlima pamoja naye. Gari limekwenda, limesimama, limerudi lilikotoka. Hakuna mlima wowote. Nimewafundisha jambo hilo tangu mwaka jana. Nimekaa na rundo la karatasi mbele yangu, na si watoto waliokuwa wamenichukiza.

Alhamisi, 8 Mei

Hakuna stima; taa za darasa haziwaki. Nimechora grafu zilezile ubaoni. Wamezinakili kwa rula, safi kabisa, na hawajui ni za nini. Chai ya walimu ilikuwa na utando juu. Nimeinywa hivyohivyo.

Jumanne, 13 Mei

Nimeongea na Simeon. Yeye ndiye mkuu wa idara ya sayansi, na ni rafiki yangu tangu chuoni. Tulipomzika mama, Simeon alisimama kwenye matope kando ya kaburi mpaka mtu wa mwisho alipoondoka, akanipeleka nyumbani. Kwa hiyo wazo langu nilimwambia kama ninavyomwambia ndugu.

"Nataka wajipige video wakitembea," nikasema. "Video ni picha nyingi zimepangwa. Tukizisimamisha moja moja kwa kompyuta, na katika kila picha tuweke alama pale mtu alipo, grafu itajichora yenyewe. Itakuwa ya miguu yao, si ya gari la kitabu."

"Ati grafu ya miguu!" Simeon akacheka. Akaniambia nichukue kompyuta ya idara, bora isirudi na matope. "Warigia, wewe ukianza kitu haukuwangi mtu wa kuacha."

Ijumaa, 16 Mei

Tumeanza na mpira unaoviringika juu ya ubao ulioinamishwa. Video ya kwanza imeharibika kwa sababu Muchiri alikuwa ameishika simu mkononi na mkono ukatikisika. Ya pili imeharibika kwa sababu simu ilikuwa imekaa upande. Ya tatu imetoka. Kengele ilipolia hakuna aliyeinuka. Sikumbuki mara ya mwisho nilipoona hivyo.

Ijumaa, 23 Mei

Leo nataka kuandika kirefu, kwa sababu sidhani nitapata siku nyingi kama hii.

Mvua ilipumzika saa nne tukatoka uwanjani. Niliiweka simu juu ya stuli na kuizuia kwa matofali. Kando ya njia tulichomeka vijiti, kila kimoja mita moja kutoka kwa mwenzake, ili kompyuta ijue ukubwa wa vitu. Nikauliza nani atakimbia. Wote wakatazama chini, isipokuwa Fowsia.

Fowsia alihamia kwetu mwaka jana kutoka Nanyuki, ambako baba yake, Muse, Msomali, ananunua na kuuza mifugo. Hapa anakaa kwa shangazi yake, Khadijo, mwenye duka la nguo Kiganjo. Ni msichana asiyeongea sana, lakini akiuliza swali unajua amelifikiria tangu jana. Lynn, mwanafunzi mwenzake, alimbandika stika nyekundu begani ili tuone pa kuweka alama; Fowsia akakichomeka kitambaa chake cheupe cha kichwani ndani ya kola, akaenda kusimama mwanzoni.

Nikapiga makofi. Akatoka vizuri, akashika kasi, na katikati ya vijiti, pale nyasi zilipokuwa zimekanyagwa zikawa tope, mguu ukamtoka. Goti likagusa chini. Akainuka akakimbia mpaka mwisho, sketi ikiwa na doa kubwa. Darasa zima likaangua kicheko.

"Rudia, tufute hiyo," nikamwambia.

"Hapana, mwalimu. Tupime hii hii."

Tukarudi maabara. Kila mmoja aliweka alama katika picha moja, akamwachia mwenzake. Zile nukta zikaanza kupanda taratibu, zikapanda kwa kasi, halafu zikajipanga zimelala kama zimechoka, halafu zikapanda tena. Muchiri akaruka kutoka kwenye kiti.

"Hapa ndio ameanguka! Hapa mstari umelala!"

"Kwani alipata tambarare?" nikamchokoza.

"Zii, hapana, madam. Wakati unaenda, lakini yeye hajasonga."

Nimefundisha miaka tisa na hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniambia sentensi hiyo bila kuisoma mahali. Fowsia akaja mbele, akaweka kidole kwenye kioo cha kompyuta, pale mstari ulipolala.

"Goti liliniuma hapa," akasema.

Nimerudi nyumbani nikiwa na matope mpaka magotini na sijala, na sikuhisi njaa.

Jumatano, 28 Mei

Mvua. Video ndani ya ukumbi. Muchiri anatembea kinyumenyume ili aone kama mstari utashuka. Umeshuka. Amepiga nduru.

Jumanne, 3 Juni

Bwana Gatimu amegundua. Yeye ndiye mwalimu mkuu wetu. Huchokonoa meno akiongea na mtu, kisha hukitazama alichokipata kabla ya kuendelea na sentensi. Mwezi uliopita alimwambia Simeon kwamba naenda uwanjani kucheza. Leo ameingia maabara wakati wa somo, amesimama nyuma, na uso wake umebadilika kama mtu aliyeona duka lisilo na mwenyewe.

Baada ya somo ametuita mimi na Simeon. Kuna wafadhili wanaotafuta shule moja, kuanzia huku Nyeri mpaka Kirinyaga, yenye ubunifu katika sayansi. Watakayoichagua itapewa vishikwambi vya darasa zima.

"Hii kitu ni nzuri sana," akasema. "Ndio hiyo tutawaonyesha. Lakini hii grafu, hapa katikati ni nini? Imekunjika kama mgongo wa ngamia."

Akacheka. Simeon akacheka pia, kidogo, upande mmoja wa mdomo. Nilikuwa nimemwambia Bwana Gatimu dakika moja kabla kwamba grafu ni ya Fowsia. Sijui kama alisahau. Sidhani alisahau.

Jumatatu, 9 Juni

Kazi ya wageni, wale wafadhili, imekabidhiwa Simeon, "kwa sababu ya cheo." Mimi nitashughulika na projekta. Nimeiambia nafsi yangu kwamba sijali.

Alhamisi, 12 Juni

Ukungu wa kwanza wa baridi. Watoto wameanza kukohoa. Madam Ngendo, naibu wa mwalimu mkuu, amepita kwenye mistari asubuhi akikagua soksi. Viatu vyake husikika kutoka lango la juu. Amemrudisha Lynn nyumbani kwa ajili ya soksi za rangi ya kijivu isiyofaa. Ikiwa kuna mtu katika shule hii ambaye nisingelia akihamishwa, ni huyo.

Jumatatu, 16 Juni

Nimepita karibu na maabara nikasikia Kidato cha Tatu wakikariri kwa sauti moja, kama kwaya: mwanariadha alikimbia kwa kasi isiyobadilika. Simeon alikuwa akiwapigia makofi ya kuhesabu.

Alhamisi, 19 Juni

Nimeona bango. Limechapishwa mjini, refu kama mlango, na picha ya Bwana Gatimu kwenye kona. Katikati ni grafu ya Fowsia, na si ya Fowsia. Mstari umenyooka kutoka mwanzo mpaka mwisho kama waya wa nguo.

Simeon alikuwa peke yake maabara, anafuta meza.

"Simeon, pale alipoteleza pako wapi?"

"Nimenyoosha tu kidogo."

"Umetoa picha zote alizokuwa chini. Na mwanzo pia. Mstari huu unasema alikuwa na kasi kamili kabla hajainua mguu."

"Hayo ni makosa ya kipimo, Warigia. Hata vyuo vikuu huyaondoa."

"Si makosa ya kipimo. Ni goti la mtoto."

Akaweka kitambaa chini. Hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. Alikuja karibu akaongea polepole, kwa sauti ile aliyokuwa nayo kaburini.

"Hawa watu watakaa hapa saa moja. Wanataka kuona mstari. Tukipata hivyo vishikwambi, utafundisha ukweli wako miaka kumi, na kila mtoto ako na chake. Unataka kuharibu hiyo juu ya tope?"

Nimekuja nyumbani nikifikiria Kidato cha Tatu, kila mmoja na kishikwambi chake, na nimeona kwamba nilikuwa nimeshakubali kabla ya kufika kwenye mlango. Nilijisikia kama niliyemeza chakula kilichochacha.

Ijumaa, 20 Juni

Wageni walikuwa watatu, wakiongozwa na mama mmoja mtaratibu anayeitwa Anita. Walikuja mapema. Kuku walikuwa bado jikoni, na harufu ya vitunguu ilijaa mpaka maabara.

Bwana Gatimu aliongea sana. Alisema alianza kuwaza juu ya video na fizikia akiwa bado mwalimu wa kawaida. Alisema "mimi na timu yangu." Simeon alifunua bango. Muchiri akasimama akasema kile walichokaririshwa, uso ukiwa umekufa, na alipomaliza alikaa bila kunitazama. Mtoto aliyeruka kutoka kwenye kiti mwezi uliopita.

Anita hakuangalia bango sana. Alitazama darasa.

"Na mwanariadha mwenyewe ni nani?" akauliza.

Fowsia akasimama.

"Hebu nieleze mbio yako. Ulianza vipi?"

Fowsia alitazama bango. Alilitazama muda mrefu hata Bwana Gatimu akaanza kutabasamu kwa ajili yake.

"Hiyo si mbio yangu," akasema.

"Si yako?"

"Yangu niliteleza. Kulikuwa na matope. Mstari wangu ulilala hapa katikati." Akaonyesha hewani, mahali hasa. "Na mwanzo haukuwa hivyo. Mtu hawezi kuanza hivyo."

Mtu alikohoa. Anita akageuka pole pole akauliza, "Mwalimu aliyepiga video ni nani?"

Nilikuwa nimesimama kando ya projekta, hatua chache kutoka kwake. Simeon akawahi: "Huenda anachanganya na video nyingine, madam. Walikimbia wengi." Uongo. Alikimbia Fowsia peke yake. Na mimi nikainama nikaanza kurekebisha waya wa projekta. Waya haukuwa na shida yoyote. Niliuzungusha, nikauchomoa, nikauchomeka tena. Nilipoinua kichwa, Fowsia alikuwa amekaa, na alikuwa akinitazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa akinitazama kama mtu anayesubiri kompyuta iwake.

Wageni hawakula. Walisema wana safari. Kuku waliliwa na walimu. Mafuta yalikuwa yameganda meupe kando ya sinia, na Bwana Gatimu alikuwa akinyonya mifupa na kuipanga kando ya sahani bila kusema neno. Nilikula paja. Naandika hili kwa sababu ndilo jambo linalonichukiza kuliko yote ya leo: kwamba nilikula, na lilikuwa tamu.

Jumatatu, 23 Juni

Gwaride la asubuhi. Ukungu mzito hata huoni nguzo ya bendera. Fowsia ametolewa mbele. Ameambiwa ameaibisha shule na aende nyumbani mpaka alete mzazi. Alitembea kuelekea lango, na ukungu ukamfunika kabla hajafika nusu ya njia.

Jumatano, 25 Juni

Shangazi yake, Khadijo, amekuja. Baba hakuweza kutoka Nanyuki; alisikika kwenye simu akisema maneno machache. Bwana Gatimu amewapa sharti: msichana aombe radhi mbele ya shule nzima, aseme alikosea, au atafute shule nyingine.

Nimekutana na Khadijo nje ya ofisi. Alikuwa amesimama kwenye manyunyu, mwavuli umefungwa mkononi.

"Wewe ndio mwalimu wa video?"

"Ndiyo, mama."

"Mtoto anasema alianguka. Kuanguka ni makosa?"

"Hapana."

"Ulimwona?"

"Nilimwona. Mimi ndiye niliyekuwa na simu."

"Basi ongea," akasema. Si kwa ukali. Kama unavyomwambia mtu mvua inakuja, anua nguo.

Nikamwambia nitaongea.

Ijumaa, 27 Juni

Mkutano wa walimu. Bwana Gatimu alisema suala la Fowsia limekwisha, yupo radhi kumpokea akishaomba msamaha. Nilikuwa nimepanga maneno yangu tangu juzi. Nilikuwa nayo mdomoni.

Aliyeongea ni Madam Ngendo. Alikuwa akikagua kucha zake, hakuinua macho.

"Mimi sijui hiyo fizikia yenu. Nataka kujua kitu moja. Huyu msichana, aliteleza ama hakuteleza?"

Simeon akasema, "Si hapo ndio tuko, madam."

"Mimi ndio hapo niko."

Bwana Gatimu akacheka, akasema nidhamu haina uhusiano na tope, akafungua ajenda nyingine. Madam Ngendo akainua macho, akaupita uso wa Simeon, akaja kwangu. Alikaa hapo. Nikafungua kalamu yangu na kuifunga. Maneno niliyoyapanga yakarudi chini tumboni na bado yako huko.

Nilikuwa namchukia mwanamke huyu kwa ajili ya soksi.

Jumatatu, 30 Juni

Fowsia ameomba msamaha. Alisema, "Nilikosea. Sikuteleza." Watoto walipiga makofi kwa sababu waliambiwa wapige.

Alasiri nimemwomba Simeon asije tena kwenye meza yangu.

"Tulikuwa tunakusaidia," akasema.

"Najua. Ondoka."

Jumatatu, 7 Julai

Habari imefika: vishikwambi vimeenda kwa shule moja upande wa Kutus. Kufikia saa saba kila mwanafunzi anajua ni Fowsia aliyewanyima. Mtu amelipaka dawati lake chaki. Nimeifuta mwenyewe. Alinishukuru kwa adabu, na adabu ile ilinichoma.

Alhamisi, 10 Julai

Baridi. Sweta zinanuka mvua na moshi. Nimefundisha grafu kwa ubao. Hakuna aliyeomba kwenda nje.

Jumanne, 15 Julai

Ukungu mpaka saa tano. Bwana Gatimu ametundika lile bango kwenye ukuta wa ofisi yake.

Jumatano, 16 Julai

Ukungu.

Jumatano, 23 Julai

Mtihani wa mwisho wa muhula. Swali la saba nimelitunga mimi: kigari kinasukumwa, kinagonga ukuta, kinarudi. Chora grafu yake.

Ijumaa, 25 Julai

Nimesahihisha. Kidato cha Tatu karibu wote wamechora mstari ulionyooka kutoka mwanzo mpaka mwisho. Kigari hakikugonga ukuta wowote. Chini ya mstari wengi wameongeza, bila kuulizwa, kwamba kilisafiri kwa kasi isiyobadilika. Muchiri naye. Nilisoma karatasi yake mara mbili, kisha nikatoka nje nikatema mate kwenye maua, mtu mzima mimi.

Karatasi ya Fowsia ilikuwa mwisho wa rundo. Maswali mengine yote amejibu, na amejibu vizuri. Swali la saba amechora mihimili miwili, ameandika umbali hapa na wakati pale, na katikati hakuna kitu. Hata nukta.

Nimemwita kabla hajaondoka. Tulisimama kwenye baraza la maabara.

"Kwa nini hukuchora? Hili unalijua kuliko wote."

Alivuta kamba ya mkoba.

"Sikujua mnataka ipi, mwalimu."

"Ipi vipi?"

"Ya kweli ama ya wageni."

Alisema mnataka. Mimi na Simeon na Bwana Gatimu, sote katika neno moja, na nilitafuta mahali pa kusimama nje ya hilo neno nikakosa. Nilimwambia aende asichelewe gari. Nimekaa kwenye baraza lile mpaka mlinzi akaja kufunga.

Jumatatu, 28 Julai

Sikulala vizuri, na asubuhi mikono yangu ilikuwa na baridi hata sikuweza kufunga vifungo.

Madam Ngendo ndiye aliyekuwa zamu ya gwaride. Bwana Gatimu alikuwa amesimama karibu naye, na kijiti mdomoni. Matangazo yalipokwisha, nikainua mkono kama mwanafunzi.

"Madam, naomba kusema jambo."

Akasogea kando.

Sikupanga maneno safari hii. Nilisema hivi, karibu hivi:

"Mwezi wa tano Fowsia alikimbia uwanjani na akateleza. Mimi ndiye niliyekuwa nikipiga video, nilimwona. Kidato cha Tatu wote mlimwona, na mlicheka. Grafu iliyoonyeshwa wageni ilibadilishwa na sisi walimu. Mimi nilijua siku moja kabla, na nikanyamaza. Mgeni alipouliza, nikanyamaza tena. Kisha tukamlazimisha mtoto aseme hapa kwamba hakuteleza. Vishikwambi havikupotea kwa sababu yake. Vilipotea kwa sababu yetu. Fowsia, nakuomba radhi."

Nilisikia Bwana Gatimu akisema, "Madam Ngendo, hebu malizia hii gwaride sasa."

"Mwache amalize," akasema Madam Ngendo.

"Nimemaliza," nikasema, na kweli nilikuwa nimemaliza.

Hakuna aliyepiga makofi. Matone yalidondoka kutoka kwenye misonobari. Fowsia alikuwa katika mstari wa wasichana, mikono nyuma, anatazama mbele. Muchiri alikuwa amefunika uso kwa kofia ya sweta.

Saa nne niliitwa ofisini. Sitaandika yote. Bwana Gatimu alizungumza chini ya bango lake, mate yakiruka, na nikajikuta sioni hasira, naona tu mate, jinsi yalivyotua kwenye meza na hakuyafuta. Nijieleze kwa maandishi. Nitegemee uhamisho. Kidato cha Tatu kitachukuliwa na Simeon kuanzia muhula ujao.

Simeon alikuwa kwenye korido nikitoka. Alifungua mdomo. Nilimsubiri, kwa ajili ya mama, kwa ajili ya kaburi. Akaufunga.

Jumanne, 29 Julai

Madam Ngendo ameketi karibu nami wakati wa chai, jambo ambalo hajawahi kufanya. Hakusema neno lolote kuhusu jana. Alisema sukari ya shule hii ina mchanga. Nikakubali kwamba ina mchanga.

Alhamisi, 31 Julai

Siku ya mwisho kabla ya kufunga. Jua limetoka kidogo, la kwanza tangu sijui lini, na matope yameanza kukauka ukingoni mwa uwanja. Nilikuwa maabara nafunga vitu vyangu katika katoni. Nina uhakika Simeon hataiwasha kompyuta ile tena, lakini nimeifuta vumbi.

Mlango ukagongwa. Fowsia, na mkoba wa kwenda Nanyuki begani.

"Mwalimu, naomba ile karatasi yangu ya mtihani."

"Alama zimeshaingizwa. Hata ukijaza haitabadilisha kitu."

"Najua."

Nikaitafuta katika rundo, nikampa. Hakuketi mbele. Aliketi kwenye benchi la pembeni, akatoa penseli, akaangalia mihimili yake miwili mitupu. Akaanza. Kigari kikaondoka, kikashika kasi. Nilijifanya napanga vitabu. Akachora mpaka kwenye ukuta, akasimamisha penseli hapo. Akafuta kidogo. Akajaribu tena. Akafuta.

Nje watoto walikuwa wanapiga kelele za kufunga shule, na mtu alikuwa anamwita Lynn. Fowsia hakugeuka.

"Hapa kikigonga, kabla hakijarudi," akasema, "kinasimama kabisa ama hakisimami? Hapa sijui, mwalimu."

Nikaweka vitabu chini, nikavuta stuli, nikaketi karibu naye.